Uzoefu wangu na chama huru cha wenye franchaizi: katibu aliyeanika majina yetu

“Kama unaiogopa kampuni, chama hakikufai.” Hayo ndiyo maneno ambayo katibu wa chama chetu, mtu anayelipwa mshahara kwa ada zetu, aliona yanafaa kunijibu mimi, mwanachama niliyeuliza swali moja tu: kwa nini barua pepe ya kuitia mkutano mkuu imeanika anwani za wanachama wote pale juu, kila mmoja akimwona mwenzake, na miongoni mwa waliopelekewa wamo watu wanaokaa meza moja na kampuni mama, ile iliyotuuzia franchaizi? Hakuomba radhi, wala hakuuliza anaongea na nani. Akakata simu.

Chama chenyewe sitakitaja, maana kina wanachama wengi wema ambao hawana kosa lolote, wala sitaitaja kampuni yetu. Lakini wakuu, jambo hili lazima lisemwe kwa urefu. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tukatua Minnesota, Texas au Georgia, tukishachoka na zamu za usiku tunatafuta biashara, na franchaizi ndiyo tunayouziwa kwa nguvu: usafi wa maofisi, huduma za wazee majumbani, vyakula vya haraka. Unanunua haki ya kuendesha duka kwa jina na taratibu za mwingine. Unasaini mkataba mrefu, mara nyingi miaka 10, na unaweka dhamana binafsi ili biashara ikianguka wakufuate hadi nyumbani. Kisha mrabaha, yaani fungu la kampuni, unakatwa moja kwa moja kwenye akaunti, na unakatwa kwa asilimia ya mauzo, si ya faida. Wiki uliyopata hasara kampuni bado inachukua chake. Mtu aliyefungwa namna hii akiambiwa kuna chama cha wenye maduka wenzake, chenye wakili wake na mfuko wake, atakimbilia. Na akikimbilia, kitu cha kwanza anachokikabidhi ni jina lake.

Ndiyo maana nina hasira. Jina ndilo mali ya kwanza ya mwanachama, hata kabla ya ada.

Tofauti ya chama huru na baraza la ushauri wengi hawaielewi mpaka wachelewe. Karibu kila kampuni kubwa ya franchaizi ina baraza la ushauri la wenye maduka. Wajumbe wake wanalipiwa nauli na hoteli na kampuni, ajenda inaandikwa makao makuu, na ukisoma kanuni zake mara nyingi utakuta kampuni ina uwezo wa kulivunja itakapo. Wajumbe wake si maadui, wengine wanafanya kazi nzuri, lakini si chombo chenu. Chama huru kinasajiliwa na wenye maduka wenyewe, kinaendeshwa kwa ada zao, na mwajiriwa wa kampuni haingii. Ukitaka kujua unakutana na kipi, uliza vitu viwili: nani analipa gharama za mkutano, na nani ana uwezo wa kukifuta. Majibu yakielekea makao makuu, hicho si chama huru hata kikiitwa hivyo.

Kwenye FDD, ule waraka mnene wa ufichuzi ambao sheria ya shirikisho inailazimu kampuni kukupa angalau siku 14 kabla hujasaini wala kulipa, kuna vipengele 23. Wauzaji watakusukuma kwenye kipengele cha 19, chenye mahesabu ya mauzo. Wewe nenda cha 20. Humo kuna orodha ya wenye maduka waliopo na walioondoka mwaka wa fedha uliopita, pamoja na namna ya kuwapata, na humo ndimo vyama vinapotajwa: vile vilivyoundwa au kuungwa mkono na kampuni, na vile huru. Ila chama huru hakitajwi chenyewe tu. Lazima kiwe kimesajiliwa kisheria, kiombe kuwekwa humo, na kirudie ombi kila mwaka si zaidi ya siku 60 baada ya mwaka wa fedha wa kampuni kufungwa. Ni barua ya ukurasa mmoja. Katibu wetu, huyu huyu bwana wa “chama hakikufai”, safari hii hakuipeleka kwa wakati, kwa hiyo anayenunua duka leo anafungua kipengele cha 20 na hatuoni. Hapo napo niliambiwa nisikuze mambo.

Turudi kwenye orodha. Asiyejua biashara hii atasema ni barua pepe tu, kelele za nini. Nieleze kinachoweza kufuata. Kampuni inayotaka kumbana mwenye duka haihitaji kumwandikia kwamba inamwadhibu kwa kujiunga na chama, kwa kuwa mkataba umejaa maneno “kwa uamuzi wa kampuni”. Mkaguzi wa kanda aliyekuwa akipita kwa nadra anaanza kuja mara kwa mara, na kila chembe ya vumbi nyuma ya jokofu inaandikwa. Alama za ukaguzi zikishuka unapata onyo la kukiuka mkataba. Mwenye maonyo kwenye faili hapewi kibali cha duka la pili, na akitaka kuuza duka lake, mnunuzi wake anaweza kukataliwa. Ukifika wakati wa kuhuisha mkataba anaambiwa akarabati duka zima kwa michoro mipya, halafu asaini hati ya kuachia madai yote aliyo nayo dhidi ya kampuni. Kila hatua ukiitazama peke yake ina sababu yake kwenye karatasi. Ndiyo maana usiri wa orodha ni kinga ya kweli: usipojulikana, hakuna wa kukulenga. Baada ya barua ile, mkaguzi alifika kwangu akiwa anajua ajenda ya mkutano ambao haujafanyika. Siwezi kuthibitisha aliitoa wapi. Ila najua barua ilikwenda kwa nani.

Sheria ipo, nisiwe mtovu wa fadhila. Hapa Minnesota kuna kanuni inayoikataza kampuni kuzuia, waziwazi au kwa kuzunguka, wenye franchaizi kushirikiana kwa jambo lolote halali. New Jersey, California, Washington, Illinois na Michigan nazo zina ulinzi wa kujiunga na chama. Tena Minnesota kampuni ikitaka kukuvunjia mkataba inatakiwa ikupe notisi ya siku 90, na wewe una siku 60 za kurekebisha kosa, ukiacha makosa mazito kama kulitelekeza duka. Walioko Texas na Georgia hawana sheria ya jumla ya namna hiyo, wanategemea maneno ya mkataba, na wao ndio walipaswa kufichwa zaidi ya wote. Na hata sisi wenye sheria, mzigo wa kuonyesha kwamba ukaguzi ule ulikuwa kisasi ni wetu, mbele ya msuluhishi, mara nyingi katika jiji la makao makuu ya kampuni kwa sababu mkataba umesema hivyo. Kinga uliyoipoteza kwa barua pepe moja, kuirudisha kwa kesi ni gharama ambayo duka moja haliwezi kuibeba.

Na kuifanya kazi hii vizuri si elimu ya juu! Barua ya wengi inapelekwa kwa anwani zilizofichwa, au kwa mfumo wa kutuma unaompa kila mtu nakala yake. Orodha kamili inakaa kwa watu wawili, kwa kawaida mweka hazina na wakili, na kila mwanachama anapewa namba ambayo ndiyo inayotumika kwenye kumbukumbu za kura na malipo. Wasambazaji wanaodhamini mikutano wanawekwa kwenye orodha yao tofauti kabisa. Msambazaji wa vikombe na mafuta ya kukaangia anaishi kwa kibali cha kampuni, kwa hiyo akiulizwa nani alikuwepo ukumbini, atasema. Sisi wasambazaji, wajumbe wa baraza la ushauri na wanachama wa kawaida tulichanganywa kwenye barua moja kama mchele na chuya.

Upande wa mwanachama nao una mambo ya kufanya ambayo fomu ya kujiunga haikueleza hata moja, na hili ni kosa la pili la ofisi ile. Usijiandikishe kwa anwani ya barua pepe uliyopewa na kampuni. Mtambo ni wao na wana uwezo wa kusoma. Usifungue viambatisho vya chama kwenye kompyuta ya kaunta au tableti ya oda, kwa sababu hiyo hiyo. Ada usiilipe kwa akaunti ambayo kampuni inakata mrabaha, kama unayo nyingine. Halafu kuna mtego ambao umewanasa wengi: kampuni nyingi zinadai taarifa ya mapato na matumizi kila mwezi au kila robo mwaka, kwa mpangilio wao. Mhasibu wako akiandika mstari unaosema “ada ya chama cha wenye franchaizi”, umejitangaza mwenyewe. Mwambie aiweke pamoja na ada nyingine za kitaaluma na usajili. Si udanganyifu, ada hiyo ni gharama halali ya biashara. Chama cha biashara kikiwa na msamaha wa kodi chini ya kifungu cha 501(c)(6) cha sheria ya kodi ya shirikisho, ada yake inakatwa kama gharama ya biashara na si sadaka, isipokuwa ile sehemu inayokwenda kwenye ushawishi wa kisiasa, ambayo chama kinatakiwa kikujulishe.

Kuhusu mikutano, jambo moja linaniumiza kuliko mengine. Maneno ya wakili kwa wateja wake yanalindwa na usiri wa kisheria, lakini ulinzi huo unategemea nani yuko chumbani. Akikaa mtu wa nje, upande wa pili unaweza kudai kwamba usiri umevunjika na kuomba kila kilichosemwa kitolewe. Kwa hiyo mwenyekiti anayejua kazi, kabla wakili hajafungua mdomo, anawataka wadhamini watoke, anawataka wajumbe wa baraza la ushauri waseme kama wana wajibu wowote kwa kampuni, na hayo yanaandikwa kwenye muhtasari. Kwetu wakili alianza kuzungumza huku mdhamini akimalizia chai yake mstari wa nyuma. Ni wakili mwenyewe aliyesimama na kusema hataendelea. Nilimheshimu sana siku ile. Huyo huyo ndiye aliyemkatiza mwanachama aliyetaka tukubaliane bei ya kuuzia mlo wa mchana. Kila mwenye duka ni mfanyabiashara anayejitegemea mbele ya sheria, na mkipanga bei kwa pamoja au kumsusia msambazaji kwa makubaliano, mmeingia kwenye Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, inayokataza njama za kuua ushindani, na hapo kampuni haina haja tena ya kuwatafutia kosa.

Nilipofika hapa nilikusudia kuandika nyota moja, na kwamba mtu asijiunge. Lakini haki ni haki.

Wakili huyo alitusomea kipengele cha 8 cha FDD mstari kwa mstari. Humo kampuni inatakiwa iseme ni bidhaa gani lazima ununue kwa wasambazaji iliowaidhinisha, na inapata nini kutokana na ununuzi huo. Wengi tulidhani bei ya katoni ya mafuta ni bei ya soko. Sehemu yake inarudi kwa kampuni, na imeandikwa, ila kwa lugha ambayo mtu anayefungua duka saa 11 alfajiri hataimudu. Kisha kipengele cha 11, mfuko wa matangazo: kampuni lazima ieleze kwa asilimia fedha za mwaka uliopita zilikwenda wapi, kati ya kutengeneza matangazo, kuyarusha, uendeshaji na mengineyo, na kama mfuko unakaguliwa. Tukaonyeshwa namna ya kulinganisha FDD za miaka mitatu na kuona safu ya uendeshaji ikipanda huku ya kurusha ikishuka. Swali hilo ukiliuliza peke yako, mkaguzi atakujibu atafuatilia. Likiulizwa kwa barua ya wakili wa chama kwa niaba ya maduka mengi bila kutaja hata moja, majibu yanakuja kwa maandishi. Kwetu yalikuja. Sijawahi kuona kampuni ile ikiandika kwa adabu kiasi kile.

Na si sisi tu. Wahamiaji kutoka India wenye hoteli walianzisha chama chao, AAHOA, mwaka 1989 wakati ambapo walikuwa wakibaguliwa na mabenki na kampuni za bima, na chama hicho ndicho kilichokuja kuandika pointi zake 12 za franchaizi ya haki, ambazo mpaka leo unaweza kuzichukua na kuupima mkataba wako. Wenye maduka ya McDonald's walikaa miongo bila chama huru kinachojilipia chenyewe, wakaunda chao mwaka 2018. Mwaka 2011 mahakama ya Delaware ilikubaliana na wenye maduka ya KFC, waliokuwa wakidai kupitia ushirika wao wa matangazo, kwamba wana uwezo wa kubadili mpango wa matangazo unaoletwa na kampuni. Watu hao hawakushinda kwa kupiga kelele kaunta kwa kaunta. Sisi Waafrika Mashariki tuko wengi kwenye biashara hizi na bado kila mtu anapigana peke yake na barua ya onyo mkononi, akimpigia simu binamu aliyesoma sheria Nairobi au Dar es Salaam, ambaye sheria za Minnesota hazijui.

Kwa hiyo jiungeni. Nasema jiungeni, na naudhika ninaposema. Ila kabla ya kulipa, omba katiba ya chama na usome sehemu ya kura. Kwetu ada ni kwa kila duka lakini kura ni moja kwa mwanachama, maana yake mwenye maduka 6 analipa mara 6 na sauti yake ni sawa na ya mwenye moja. Mimi naiona ni haki, maana bila hivyo wenye maduka mengi wangekigeuza chama kuwa chao, lakini ujue kabla. Tazama akidi ya mkutano mkuu, ikiwa ndogo mno watu wachache wanaamua kila kitu. Tazama mfuko wa kesi: nani anaidhinisha, na je unasaidia tatizo la mtu mmoja au lile tu linalogusa maduka yote? Mara nyingi ni la pili, kwa hiyo usidhani umekata bima. Kisha, chama kikiwa na msamaha wa kodi, tafuta fomu 990 yake, ile taarifa ya kila mwaka inayopelekwa kwa mamlaka ya kodi. Ni ya wazi kwa umma, na inaonyesha mapato, matumizi na malipo ya viongozi. Kikiwa na mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka kinaruhusiwa kupeleka ile fupi ya 990-N, ambayo haina mahesabu, na hapo udai taarifa ya mweka hazina. Chagua kulipa kwa mwezi. Aliyelipa ya mwaka mzima akiudhika hana cha kushika.

Swali la orodha liulize kwa maandishi: nani anaishika, inatumwaje, mdhamini anaona nini. Ukijibiwa kama nilivyojibiwa mimi, usiondoke kimya kimya.

Sisi hatuondoki. Kwa chama kilichosajiliwa Minnesota, wanachama 50 wenye haki ya kura au asilimia 10 yao, idadi yoyote iliyo ndogo, wakiandika barua yenye madhumuni kwa mwenyekiti au mweka hazina, bodi inalazimika kuitisha mkutano maalumu. Mwanachama mwenye kura ana haki pia ya kukagua vitabu vya chama kwa sababu ya msingi. Barua inazunguka sasa, kwa mkono, duka kwa duka, na si kwa barua pepe. Inadai orodha iondolewe ofisini kwa katibu na ikabidhiwe kwa mweka hazina na wakili, na inadai katibu aeleze mbele ya wanachama barua ile ilitoka vipi.

Nyota nilizokipa chama leo ni mbili. Jana zilikuwa moja, na siku aliposimama wakili zilikuwa nne. Katibu akiomba radhi hadharani nitaongeza. Asipoomba nitaendelea kulipa ada yangu ya mwezi vilevile, kwa sababu wakili yule ni wetu, si wake.